Mama Soksi Hakimbii

Zamani Mama Soksi alikimbia kama wachuuzi wenzake, tena vizuri tu. Alipanga soksi na nguo za watoto, mitumba aliyoifua kwa mikono yake, juu ya shuka lenye kamba kwenye pembe zote nne. Mwenzao anayelinda kona akipiga mluzi, unavuta kamba, duka linageuka furushi, mguu niponye! Hatari ikipita, unatandaza upya na kumwambia mteja, "Karibu, tulikuwa tunanyoosha viungo."

Mwaka jana, akilikimbia gari la askari wa manispaa, alitumbukia mtaroni na furushi lake. Mguu ukavunjika, ukaunga vibaya. Tangu hapo, mluzi ukilia, wenzake wanaingia mitini, naye anabaki amekaa kama mgeni rasmi, akitazama askari wakimbebea riziki ya wanawe. Mara ya mwisho walibeba mpaka kigoda, wasio na haya wale.

Siku hiyo alipandwa na hasira hasa, na si kwa askari. Aliwakasirikia wenzake. Chama cha wachuuzi kilikutana jioni nyuma ya kibanda cha fundi viatu, jina la utani Gundi, mwenyekiti wao na bingwa wa mbio.

"Kila tukienda kwa mkurugenzi wa manispaa kuomba tutengewe mahali, mlinzi hatufungulii geti," Gundi alilalamika. "Eti tulete miadi. Miadi tutaipata wapi, nasi hatuingii?"

"Kuna gari linaingia pale bila miadi," akasema Mama Soksi.

"Lipi hilo?"

"Linalobeba mali zetu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Nyinyi mnakimbia, mimi nakamatwa kwa niaba yenu. Kesho mluzi ukilia nitakaa, kama kawaida yangu. Kaeni nami, tupande gari wote, tukaongee na mkurugenzi uso kwa uso. Mkikimbia, basi. Mzigo uliobaki nyumbani nimeununua kwa pesa ya kukopa kwa wifi yangu. Huu nao ukibebwa, mimi mtaa huu ndiyo kwaheri."

"Na wakituweka ndani?" akauliza muuza machungwa.

"Si tutakuwa wengi, dada? Mimi nikiwekwa peke yangu, hata wa kupiga naye soga sina."

Gundi akajikuna kichwa. Hakuna aliyeahidi kitu, na Mama Soksi alirudi nyumbani akiburuta mguu wake na kulaani kimoyomoyo.

Asubuhi mluzi ukalia. Mikono ya Mama Soksi ilikwenda kwenye kamba kwa mazoea, akaikalia mikono hiyo. Muuza machungwa alishasimama, kapu kichwani. Gundi naye huyoo, anatimua vumbi kuelekea kona. Moyo ukamshuka Mama Soksi. Kumbe jana alipigia kelele ukuta.

Mara akamwona Gundi amesimama, anarudi huku akijitukana kwa sauti.

"Miguu haina adabu hii! Imeondoka kabla sijaituma!"

Akajitupa chini kando yake na sanduku lake la nyundo na misumari. Muuza machungwa akashusha kapu. Wengine waliokuwa wamefika mbali wakageuka, wakaja kukaa.

Gari lilipofika, mkubwa wa askari alishuka akiwa ameduwaa. Wachuuzi alizoea kuwaona migongo, leo anaonyeshwa nyuso.

"Mbona hamkimbii?"

"Tumechoka, afande," Gundi akamjibu. "Tubebe."

Hawakungoja kubebwa. Walipanda wenyewe, wakapokezana makapu, wakavuta kamba za shuka la Mama Soksi, wakamnyanyua na furushi lake wakamweka juu, huku askari wakisogea kuwapisha. Hapo ndipo mkubwa wao alipopata picha: geti linafunguka, umati unamwagika uani, mkurugenzi dirishani anauliza nani kawaleta hawa. Jasho likamtoka.

"Basi jamani, shukeni," akasema, sauti imelainika. "Leo nimewasamehe. Rudini mkauze."

Maneno hayo walikuwa wameyalilia miaka. Mmoja alishaweka mguu nje. Gundi akamtazama Mama Soksi, na Mama Soksi akazitazama soksi zake, zote zimo mapajani, hakuna hata moja iliyopotea. Kushuka kulikuwa rahisi mno.

"Msamaha hatujaomba, afande," akasema. "Washa gari."