Moto Nyuma ya Nyumba

Kitenge kilicholoweshwa kina harufu yake kinapoanza kukauka, harufu ya rangi, udongo na sabuni ya kipande. Kila ninapoisikia, hata hapa Beni ninapoishi siku hizi, ambako sina haja ya kutundika nguo mbichi dirishani, husimama nilipo na kusikiliza. Namsikiliza dada yangu Masika. Natafuta ule mluzi mdogo wa kifuani mwake, kama birika linalokaribia kuchemka, halafu nakumbuka kwamba sitausikia tena.

Masika alikuwa na asma. Tulikaa Butembo, kwenye mteremko ambako nyumba zimebanana, na kila asubuhi kila nyumba iliwasha moto wake. Ilikuwa miaka ya vita. Askari walibadilikabadilika, na kila waliokuja walikuwa na jina jipya la kujifunza, lakini jambo moja lilibaki vilevile: kuni kavu zilikuwa mbali na wao walikuwa njiani. Basi watu walikata mikaratusi ya karibu wakaichoma ikiwa ingali mibichi. Moshi wake ni mzito, unauma macho, na baridi ya asubuhi huukalisha chini usipande. Pompi ya Masika, kile kidude cha bluu cha kuvutia dawa, iliisha, na mwenye duka la dawa akasema magari ya kutoka mpakani Kasindi hayapiti.

Mama akajitungia utaratibu wake. Sisi wenyewe tulipikia makaa, kwenye mbabula, jiko letu la bati, iliyowekwa kwenye kona ya mbali ya uwanja, mvua inyeshe isinyeshe. Chumba cha Masika kilikuwa na madirisha mawili: la juu lilitazama kwa jirani yetu Mama Kahambu, la chini lilitazama bondeni. Kila dirisha lilikuwa na kitenge chake, kilicholoweshwa kwenye beseni na kukamuliwa ili kinase moshi, na nyufa za mlango tuliziziba kwa matambara. Mimi, Kavira, mwenye miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya jiwe uwanjani, kulamba kidole, kukiinua hewani, kutazama moshi wa kila paa, kisha kuita, "Juu!" au "Chini!" Dirisha nililolitaja ndilo lililofunguliwa. Waliosema pafukapo moshi pana moto hawakumaliza. Kwetu, pafukapo moshi palikuwa na Kavira anakimbia. Nilijivuna sana. Niliamini kwamba pumzi ya dada yangu iko kwenye ncha ya kidole changu, naye Masika alinitania kwamba kidole hicho kitaolewa na upepo kabla mimi sijapata mume.

Siku moja mume wa Mama Kahambu, aliyekuwa akinunua maharage Beni na kuyaleta Butembo, aliuawa njiani.

Kwetu, mtu akifa, moto huwashwa mbele ya mlango wake. Watu huketi kuuzunguka, husali rozari, hunywa chai, hulala hapohapo, na moto huo hauzimwi mpaka familia yenyewe iseme kwamba kilio kimekwisha. Mlango wa Mama Kahambu ulitazamana na dirisha letu la juu. Watu walikuja wengi, kuni walizobeba zilikuwa mbichi, na moshi ukateremka ukatuzingira pande zote. Nilisimama juu ya jiwe langu siku ya kwanza na ya pili. Sikuwa na la kuita, si juu wala chini.

Masika alikaa kwenye kigoda, ameinama mbele, mikono magotini, akiivuta hewa kwa shida kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Mama alilowesha vitenge mpaka vidole vikamkunjamana. Kumpeleka kwa shangazi yetu aliyekaa Mutwanga hakukuwezekana, kwa sababu watu walikuwa wakifa barabarani. Nilimuuliza Mama kwa nini asiende kumwambia Mama Kahambu.

"Mutu analilia bwana yake," akanijibu kwa sauti ya chini, "unaenda kumuambia nini? Azimishe moto?"

Asubuhi ya tatu midomo ya Masika ilikuwa na rangi ya majivu. Alijaribu kunitania, neno likamkatikia mdomoni. Nilibeba beseni la maji ya vitenge, nikapanda kwa jirani, nikapita katikati ya wanawake waliokuwa wakisali, nikayamwaga maji yote juu ya moto.

Moto ulitoa mlio mkali wa mvuke. Rozari ikakatika. Ndugu wa marehemu alisimama, na usoni mwake nikaona ukubwa wa kosa langu: nilikuwa nimemwambia mjane, mbele za watu, kwamba amelia vya kutosha. Mama alinifuata mbio, akapiga magoti kwenye majivu yaliyolowa, akaomba radhi kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyesema kwamba Masika anakufa.

Mama Kahambu hakuwa amesema neno tangu mumewe aletwe. Aliinuka, akateremka nasi, akaingia chumbani, akamtazama Masika kwa muda. Kisha akapanda tena kwa watu wake.

"Niko na kilio moja," akawaambia. "Mi hapana taka ya pili."

Akaokota kigae cha chungu, akafukua makaa mawili yaliyokuwa bado hai, akayabeba mwenyewe hadi nyuma ya nyumba yake, upande ambao upepo huelekea kwenye mikaratusi. Shemeji yake alinung'unika, lakini alimfuata na viti. Mchana ule kidole changu kilisema juu. Tukafungua dirisha la juu, Masika akasinzia ameegemea ukuta, na mluzi wake ukarudi kuwa mdogo kama nilivyouzoea.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha ushujaa wangu. Nilidhani Mama Kahambu alihamisha moto tu. Sikujua kwamba nyuma ya nyumba ni mahali pa maganda ya ndizi na maji machafu, ambapo mgeni wa heshima hakalishwi, na kwamba mbele ya mlango ndipo mtu anapoagwa. Alimlilia mumewe kando ya jalala ili mtoto wa jirani apumue, wala hakutukumbusha hata siku moja.

Masika aliishi. Aliolewa, akazaa, akaendelea kuuliza habari za mume wa kidole changu. Mwaka jana kifua kilimshinda, na kilio tukakifanya palepale nyumbani kwa Mama, Butembo. Nilipoulizwa moto uwashwe wapi, nilionyesha nyuma ya nyumba, mbali na madirisha ya chumba chake cha zamani, bila hata kufikiri. Watu walitazamana, lakini hakuna aliyenibishia.

Mama Kahambu alikuja akitegemea fimbo. Alizunguka nyumba akitutafuta, akaketi kando yangu, akaunyooshea moto mikono yake. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Kavira, peleka moto mbele ya mulango," akasema. "Sasa moshi haimufikie tena."

Nikaokota kigae, nikachagua makaa mawili, nikaenda nayo polepole yasizimike. Nilipopita chini ya dirisha la Masika nilisimama kidogo, kwa mazoea, nikasikiliza.