Njombe Walikopikia Gesi

Mama mkwe wangu alitaka kurudi kwao Njombe. Alikuwa kwetu Dar es Salaam akitibiwa kifua, na ugenini kulishamchosha. Kazi yangu mimi ni kukokotoa kwa kompyuta jinsi mvuke wa miti na moshi unavyopikwa na jua angani, ukageuka chembe laini za kuingia mapafuni. Hesabu zetu zilisema hewa ya Njombe ni safi.

"Nenda ukahakikishe," mke wangu akaniambia. "Huyo ni mama yangu."

Makambako nilishuka mchana na kipimo changu cha hewa mkononi. Malori ya Mbeya na Songea yalinguruma njia panda, na chembe zilikuwa nyingi, kama kompyuta ilivyotabiri. Nikajipongeza kijinga.

Kutoka hapo ni mipaini na mashamba ya parachichi, na baridi inayopenya sweta. Njombe nilipokewa na shemeji yangu Edgari, anayeishi nyumbani kwa mama.

"Kamwene, shemeji! Karibu ndani, utaganda."

Jikoni palikuwa na mtungi wa gesi, nikafurahi. Dodoso tulilokusanyia takwimu za hesabu zetu liliuliza, "Mnapikia nini?" na mtaa ule karibu wote ulijibu gesi.

Jioni Edgari akaingiza sebuleni jiko la mkaa, akaongeza mabanzi ya mpaini, akarudisha mlango. Kipimo kikapanda kuliko Makambako.

"Mbona mlijibu gesi?"

"Si mliuliza la kupikia? Hili la kuota. Bila kuota hapa hulali."

Asubuhi moshi wa nyumba zote ulikuwa umetuama bondeni, ukingoja jua. Edgari aliuita ukungu. Katika hesabu zetu haukuwemo hata kidogo. Niliona aibu, kisha hofu.

Niliporudi Dar es Salaam, mama aliniuliza kabla sijakaa.

"Hewa ya kwetu ikoje, mwanangu?"

"Si nzuri, mama. Moto wa kuota utakuziba kifua."

"Nisipoota?"

"Baridi itakuumiza vilevile."

Hakubisha. Afadhali angebisha.

Dodoso letu sasa linauliza pia watu wanaota moto wa nini, na kwenye ramani yetu asubuhi za Njombe zimekuwa nyekundu. Nimejifunza kuuliza vizuri, nikiwa nimechelewa. Juzi Edgari alipiga simu kuuliza kama ampangishe mtu chumba cha mama.

Mama akasema ampangishe.