Upande wa Wakwe

Sinema zangu za kwanza zote niliziona kwa nyuma. Sisemi nilikaa viti vya nyuma, viti havikuwepo. Nasema nyuma ya kitambaa. Watu wengine walikaa mbele, kule mashine ilikokuwa inamulika, mimi nilikaa upande wa pili, na picha ilipenya kitambaa ikanifikia. Anayetaka kucheka acheke. Picha ilikuwa ile ile, na mahali pa kunyoosha miguu nilikuwa napo.

Ilikuwa miaka ile Wachina walipokuwa wanajenga reli kupita kwetu. Kambi ilikuwa upande wa Mpemba, na mimi nilikuwa kibarua wa mataruma, ile mihimili ya zege inayolala chini ya vyuma. Shule nilisoma mpaka darasa la pili nikaona inatosha. Mwili wangu ndio uliokuwa cheti. Jioni za Jumamosi, giza likishaingia, Wachina walifunga kitambaa cheupe kwenye milingoti miwili, wakawasha jenereta, na watu wakaja kutoka vijijini na vigoda vyao vichwani, wamejifunika mablanketi, maana baridi ya huku kwetu haina mchezo. Hapakuwa na kiingilio. Lugha ilikuwa Kichina tupu. Mkalimani wa kambi alitafsiri mikutano, hakutafsiri sinema.

Sasa, kwetu Wanamwanga, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Mkikutana njiani unaingia majanini mpaka apite. Hamli pamoja, hamsemezani. Ukiwa na neno, unampa mtu alipeleke. Si chuki, ni heshima. Na mama mkwe wangu alipenda sinema kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Hakukosa hata moja. Alikaa mbele kabisa, kigoda chake kikigusa kigoda cha Mchina mkubwa. Basi mimi niende wapi? Nikaenda nyuma ya kitambaa. Huko nikakuta wanaume wazima wamejaa kwenye nyasi, kila mmoja kamkimbia mama mkwe wake. Pakaitwa Upande wa Wakwe.

Mke wangu alikaa huko mbele, kando ya mama yake. Hapo ndipo palipokuwa na shida yangu.

Nilipopata kazi ya reli nilihamia kambini. Nilimwacha na shamba la mahindi na nyumba iliyoezekwa nusu. Mnyapara akiniruhusu nilikwenda nyumbani, baadaye hata akiniruhusu sikwenda. Nilikuwa natafuta maisha. Siku moja nikafika nikakuta mlango umefungwa kwa kamba, mwenyewe amerudi kwao. Nyuma yake yakaja maneno ya ukoo: binti yetu si jembe la kuegemezwa ukutani. Tutasubiri mavuno. Mahindi yakishaingia ghalani, na huyo mwanamume hajaja kusema neno la maana, mjomba atatoka ng'ambo, upande wa Zambia, kumchukua. Sisi wa mpakani tunajua mambo hayo. Mwanamke akichukuliwa na wajomba ng'ambo, usishangae mavuno yanayofuata ukisikia ana mume ng'ambo.

Mimi sikuwa mtu wa kwenda kupiga magoti. Nilikwenda sinema.

Mashine ile ilikuwa na magurudumu ya filamu. Gurudumu likiisha, picha inakufa, Mchina anawasha taa abadilishe. Hapo, kwetu sisi wa nyuma, kitambaa kilikuwa kama ukungu wa asubuhi, na watu wa mbele walionekana humo ndani, hafifu, hawana sauti, kana kwamba na wao ni sinema. Mama mkwe alikuwa kilima kidogo cheusi, nikiona kilima nageuza macho. Kando ya kilima alikuwa mke wangu. Upepo ukivuma kutoka ng'ambo, kitambaa kilijaa kama tumbo la mtu anayevuta pumzi, naye akapanda, akashuka, akawa mrefu, akawa mfupi, kama yuko ndotoni mwangu, na macho nimeyafungua. Hakujua kwamba namtazama. Au alijua. Taa ikizimwa, pale pale palipokuwa na uso wake panatokea farasi, au daraja, au mto wa nchi nisiyoijua. Ndiyo maana mpaka leo sinema zile zimechanganyika kichwani. Nikiukumbuka ule mto, mke wangu amesimama ndani yake, maji kiunoni, shuka begani, anangoja kitu.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa ikaja sinema mpya. Mwanamume anatembea na mzigo mgongoni, anatembea, anatembea, kitu cheupe kinamwangukia kutoka mbinguni. Anafika kwenye nyumba. Mwanamke anafungua mlango, anamtazama mpaka sisi tuliokaa kwenye nyasi tukaanza kukohoa. Anaingia ndani, anarudi na bakuli, anampa. Kwa mkono mmoja. Anasema maneno machache. Yule mwanamume ameshika bakuli hajanywa, na sinema ikaishia hapo.

Sikulala vizuri.

Kesho yake mchana tulikuwa kwenye kibanda cha chai, nje ya kambi. Mwenye kibanda alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, mcheshi, amekwisha kuona sinema za mjini zenye viti, kwa hiyo alijiona hakimu wa sinema zote. Alikuwepo na mtani wangu, Mnyiha, tuliyebeba naye mataruma. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mlangoni na ungo wake wa karanga. Alikuwa anauza, na masikio yalikuwa yanauza pia.

"Mimi nauliza kitu kimoja tu," mtani alianza. "Ule unga uliokuwa unaanguka, kwa nini hakuna mtu aliyekinga hata sufuria?"

"Unga wa wapi, wewe? Ile ni pamba," nilisema.

"Pamba inadondoka mbinguni?"

"Barafu hiyo, mabwana wee," akasema mtu wa Pwani. "Kwao inanyesha kama mvua. Nyinyi mnaona sinema kama mbuzi anavyoona gazeti, mnangoja kula tu."

"Haya, wewe uliyesoma gazeti, yule mwanamke kasema nini?"

"Kamkaribisha mumewe! Karibu, kunywa maji, pole na safari. Sinema nzuri kabisa, imekwisha kwa heri."

"Heri gani?" Nilisikia sauti yangu imepanda. "Yule mwanamke kamkataa. Hamkuona? Bakuli kampa kwa mkono wa kushoto!"

Mtu wa Pwani akaweka birika chini. Nyinyi vijana mnapeana vitu kwa mkono wowote, lakini kwetu, ukimpa mtu chakula au maji kwa kushoto, umemtukana bila kufungua mdomo. Mke akimpa mume hivyo, hapana ndoa tena.

"Kushoto?" mtu wa Pwani akasema. "Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kile kitambaa. Kampa kwa kulia."

"Kushoto. Macho yangu hayali karanga za bure."

"Mtani, hata mimi niliona kushoto," Mnyiha akasema, naye alikuwa mtu wa nyuma kama mimi. Mama mkwe wake alikuwa anatoka Vwawa kwa miguu, ukimkuta kambini wewe kaa mbali. "Mbona wale wa sinema wote wanatumia kushoto? Wanakula kwa kushoto, wanapiga bunduki kwa kushoto."

"Wachina wa hapa kambini mnawaona kila siku, wanashika vile vijiti vyao kwa mkono gani?"

"Kulia," nikasema. "Hawa ni wa mkoa mwingine."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na shemeji wala ungo.

Jioni alirudi, akanikuta naosha miguu. Akasimama mbali kidogo, akasema kama mtu anayesoma ubao:

"Mama anasema hivi. Huyo mume wa binti yangu amekwenda kusema mbele za watu kwamba mke akimpokea mume anampokea kwa mkono wa kushoto. Mimi mwanangu sikumlea hivyo. Kama anatafuta sababu ya kumwacha, aseme kwa kinywa chake, asimsingizie mwanamke wa Kichina."

"Mimi sijataja mtu! Nimesema sinema."

"Shemeji, kila mtu anajua ulichosema."

"Na dada yako kasemaje?"

Akatazama chini. "Dada? Kaendelea kupukuchua mahindi."

Kupukuchua ndiyo mwisho wa mavuno. Kinachobaki ni ghala, na mjomba.

Lakini mimi ni mtu wa hivi: nilichokiona nimekiona. "Mwambie mama," nikasema, "namheshimu. Simwachi mtu. Lakini mkono ulikuwa wa kushoto. Siwezi kusema nilichokiona sikukiona, hata ndoa ikivunjika."

Shemeji alinitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Akaenda. Jibu lilikuja kesho yake, fupi: "Mama anasema, sinema hiyo ikirudi, mtu ataonekana mwongo."

Ikarudi. Wachina hawakuwa na sinema nyingi, zilikwenda kambi hadi kambi zikazunguka kama mbuzi wa kuazima. Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye milingoti, na mwanga wa mashine ulipita ndani yake kama barabara. Nilikaa pale pale kwenye nyasi zangu. Mwanamume akatembea na mzigo wake. Unga, au pamba, au barafu, ukamwangukia, na ukungu wetu ukaungana nao hata sikujua ni baridi ya nani ninayoisikia.

Kabla ya gurudumu la mwisho taa ikawashwa. Nikamtafuta mke wangu kwenye kitambaa, nikamwona. Halafu nikaona kilima kinainuka.

Kilima kilisimama, kikachukua kigoda, kikaanza kutembea kuelekea mwisho wa kitambaa. Nikaelewa. Mama mkwe anakuja kuangalia sinema kutoka upande wangu, kwa macho yake mwenyewe.

"Anakuja!" mtani akanong'ona. Upande wa Wakwe ukavurugika kama kuku walioona mwewe. Mwingine kajifunika blanketi, mwingine kaingia kichakani na viatu kaviacha. Mimi nilikimbilia mwisho wa pili wa kitambaa. Yeye akaingia kulia, mimi nikatokea kushoto, na heshima yetu haikuguswa.

Nikajikuta nimesimama mbele ya watu wote, mwanga wa taa usoni, kivuli changu kimejaa kitambaa kizima.

"Wewe! Unauza nini hapo?"

"Kaa chini, bwana, umekuwa ukuta!"

Nafasi tupu ilikuwa moja. Mahali kigoda kilipokuwa. Nikakaa chini kwenye majani yaliyolaliwa, kando ya mke wangu. Sikumtazama. Alinukia moshi na mahindi mapya. Taa ikazimwa.

Mwanamke wa sinema akafungua mlango. Akamtazama mume. Akaingia ndani, akarudi na bakuli, akanyoosha mkono.

Wa kulia.

Niligeuza kichwa kumtafuta aliyenichezea. Hapakuwa na mtu. Na hapo hapo, kutoka nyuma ya kitambaa, ikaja sauti ya mama mkwe wangu, kubwa, haikumwambia mtu yeyote:

"Ala! Kweli! Kushoto!"

Watu wa mbele wakapiga kelele: "Kulia, mama!"

"Kushoto! Hakuwa mwongo! Njooni muone!"

Mtu wa Pwani alicheka akalala chali. "Kitambaa jamani, ni kitambaa! Shikeni kanga muigeuze, ua la kulia litakwenda kushoto!" Mimi sikuwa na haja ya kanga. Miezi yote ile nilikuwa nimeitazama dunia kwa nyuma, na mwanamke huyo alikuwa anampokea mumewe vizuri siku zote.

Mke wangu aliingiza mkono ndani ya shuka yake. Akatoa karanga, akanipa. Kwenye mwanga ule wa mashine niliutazama mkono kwanza kabla ya karanga. Kulia. Nikapokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa.

Kwenye kitambaa mwanamke akasema maneno yake machache, na sinema ikaisha.

"Kasema nini?" nikamuuliza mke wangu. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu ule mlango wa kamba.

"Hujui?" akasema, bila kugeuka. "Kasema: kunywa, halafu useme ulikuwa wapi."

Nikatafuna karanga zote kwanza. Halafu nikasema, tukitembea kuelekea kwao, mama yake mbele sana na kigoda kichwani, ukungu katikati yetu na yeye kama kitambaa kingine. Nilisema mengi. Wiki ile niliezeka ile nusu ya nyumba iliyobaki, na mjomba alipokuja kutoka ng'ambo alikuta binti yao ameshahamisha vyungu vyake, akala ugali kwetu, akarudi.

Leo nina mashine ya kusaga Tunduma na wajukuu wanaotazama sinema kwenye televisheni wamejilaza. Mke wangu bado anasema yule mwanamume alikunywa yale maji baada ya picha kukatika. Mimi nasema hakuna aliyemwona akinywa. Hapo hatujapatana, na sitaki kupatana upesi.