Hewa Ndani ya Mazout

Tantine Vero, mjane wa dereva wa lori, alitaka jambo moja tu: kuuona uso wa dada yake kabla jeneza halijafungwa. Nami, mwenye digrii mbili, nikajitolea kumpeleka kwa jeep yangu ya dizeli.

Njiani nilimfundisha kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche, inabana hewa mpaka mafuta yawake yenyewe. Karibu na Masako tangi likakauka katikati ya somo. Nikanunua bidoni la mazout, dizeli ya kando ya barabara, nikamimina, nikapiga stata. Injini ikazunguka bila kuwaka. Nikaendelea kupiga, nikilaumu injekta. Mara mbili Tantine alifungua mdomo. Mara mbili nikamwomba asubiri.

Mwishowe akasema, "Prof, ulitoa hewa?"

"Hewa gani, Tantine?"

"Mazout ikiisha, hewa inaingia mu mipira ya kupitisha mafuta. Unapiga kwanza pompe ya mukono. Marehemu bwana yangu alikuwa ananipigisha ile kila safari."

Alishuka, akainua boneti, akaibonyeza pampu ndogo juu ya filta mpaka ikawa ngumu. "Bon, washa."

Nikageuza ufunguo. Betri nilikuwa nimeshaimaliza.

Tulifika kwa toleka, teksi za baiskeli, kila mmoja amepakiwa nyuma ya yake. Kaburi lilikuwa limefukiwa. Tonton mmoja, mzee wa familia, akauliza kulikoni tumechelewa. Nikaanza, "Injekta..."

"Gari yake iko muzima," Tantine akamwambia, bila kunitazama. "Ni mimi hakutaka kunisikia."