Mwenyewe Amekuja

Bango la bustani ya ziwani lina kanuni tisa. Nilikuwa nazijua zote kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeshagombana nazo karibu zote. Usichume maua. Usifue nguo. Usiingize mifugo. Usiingie na silaha. Ya nane inasema bustani inafungwa saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo hakuna mtu kubaki upande wa maji. Bango halisemi kwa nini. Nami nina tabia mbaya: nikikatazwa bila kuelezwa sababu, naona nimeonewa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kipo mtaa wa Mukendo, hapa mjini, na nimepanga chumba mtaa wa Kitaji. Kutwa nzima nimeinamia nguo za watu, na jioni nilikuwa nataka upepo wa ziwa tu, sitaki kingine. Bustani yenyewe ni kipande cha nyasi kati ya barabara na maji, na mabenchi ya saruji. Upande wa kushoto kuna matete, na mbele yake mawe makubwa yanayoingia ziwani.

Mwaka ule baba alikuja kukaa kwangu kutoka kijijini kwetu, huko Butiama. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na alikuwa amepangiwa siku ya upasuaji Bunda. Mtu akisimama mbele yake aliona giza lenye umbo, basi. Niliiogopa siku ile ya Bunda kuliko yeye mwenyewe. Niliogopa kisu cha daktari, niliogopa pikipiki za mtaani kwetu, niliogopa hata jiko la mkaa nililolizoea tangu utotoni. Yeye hakuogopa kitu. Mtu aliyefukuza fisi kwa rungu akiwa mtoto, utamtisha na pikipiki? Nilikuwa namkasirikia kwa hilo, kwa sababu hofu yake yote niliibeba mimi.

Siku ya kwanza nilipompeleka bustanini, mgambo wa getini alitaka tuache fimbo ya baba nje. Fimbo ni silaha, alisema. Nikamjibu kwamba ile si fimbo, ni mguu wa tatu wa mzee, na kama anaukata mguu aukate mbele yangu. Alicheka, akatupisha. Ushindi ule ulinipa kichwa. Tangu siku hiyo kila ilipofika saa kumi na mbili nilimwomba dakika kumi, na za kwangu zilikuwa ndefu.

Sasa lazima niseme jambo moja la kwetu, maana bila hilo yaliyotokea hayaeleweki. Kwetu, ng'ombe aliyepotea akikutwa jioni hapitwi. Hata kama mwenyewe humjui, hata kama ni adui yako, unamzungukia nyuma, unamswaga taratibu bila kumpiga, unamlaza zizini kwako. Kupita kana kwamba hujamwona ni aibu itakayofika kwa wajukuu. Nikiwa msichana tulilaza ng'ombe wa watu siku mbili. Baba alimpa majani kabla ya wetu. Asubuhi ya tatu mwenyewe alitokea njiani, bado yuko mbali, na baba akaweka fimbo chini akasogea pembeni. Mwenyewe akifika, mkono wako unatoka. Sikuwahi kuona akiivunja sheria ile.

Zilikuwa zimebaki siku nne twende Bunda. Jioni hiyo mgambo alitukumbusha muda mara mbili. Mara ya pili sauti yake haikuwa ya utani. Alisema kuna sababu, dada. Nikamwambia sababu aiandike kwenye bango. Akatikisa kichwa, akaenda kufunga geti dogo la upande wa pili. Simu yangu ikaita: mteja wa harusi, anataka mikono ya gauni ipunguzwe. Nikageuka kidogo kuukwepa upepo usimeze maneno. Baba nilimwacha kwenye benchi nyuma yangu.

Kilichonigeuza ni mluzi. Mluzi wa kuchungia, ule mfupi unaopanda mwishoni, ambao sikuwa nimeusikia tangu niondoke nyumbani.

Benchi lilikuwa tupu. Baba alikuwa chini kabisa, karibu na mawe, ameyapa mgongo maji na fimbo ameilaza begani. Mbele yake, hatua kama kumi na tano, kitu kikubwa cheusi kilikuwa kinang'oa nyasi. Kilikuwa kinazing'oa kwa sauti ile ile, kruu, kruu, ya ng'ombe mwenye njaa. Sikio la baba lilisema ng'ombe, na macho hayakuwepo ya kulibishia. Alikuwa amefanya kama alivyofunzwa: amemzungukia nyuma, amsogeze juu barabarani, mbali na maji.

Alikuwa kiboko.

Aliyekulia karibu na ziwa hili hahitaji kuambiwa. Kiboko akiwa nchi kavu, mahali pa kufia ni pale katikati, kati yake na maji. Baba alikuwa amesimama hapo hapo, anampigia mluzi.

Simu ilikuwa bado inaongea mkononi mwangu. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja, na leo namshukuru Mungu kwamba haikuja. Mgambo alikuwa amerudi, amesimama ubavuni kwangu, na yeye anahema.

"Usikimbie, dada," alisema polepole. "Na usipige kelele. Akishtuka anakimbiliaga maji."

Baba akapiga hatua moja mbele. Yule mnyama akaacha kula. Aliinua kichwa, akakielekeza kwa baba, akatoa pumzi nzito niliyoisikia mpaka tulipokuwa. Baba akamwambia kwa upole, kwa lugha yetu, maneno ya kumtuliza ng'ombe mgeni. Kama ningemwambia ni kiboko angebisha, au angemsogelea ahakikishe. Kama ningemwambia aache, asingeacha. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Ng'ombe wa watu hapitwi.

Ndipo nikakumbuka asubuhi ile ya tatu. Nilimwita kwa lugha ya kwetu, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, sauti ya kumwita mtu chakulani.

"Baba, mwenyewe amekuja. Mpishe amchukue."

Alisimama. Alitega sikio upande wangu. Kisha, Mungu wangu, taratibu kama mtu mwenye siku nzima, aliinama akaweka fimbo chini na kusogea pembeni kwa kupapasa mawe, hatua tatu, nne, tano. Kiboko alishuka. Sikuwa najua kitu kizito vile kinaweza kwenda mbio vile. Alipita pale pale baba alipokuwa amesimama, fimbo ikavunjika kwa mlio mmoja, na maji yakaruka yakamlowesha mzee mpaka kifuani.

Njiani kurudi Kitaji nilimshika mkono na nilikuwa nalia. Alidhani nalilia upasuaji, akanituliza. Aliuliza mwenyewe alikuwa nani. Nikasema sikumtambua. Alisema ni mtu asiye na adabu, kuchukua ng'ombe wake bila hata shukrani, na kumkimbiza majini vile. Sikumweleza. Nilijiambia nitamweleza akishapona, lakini kweli ni kwamba niliogopa kuyasema: nilimpeleka mimi, na muda niliuomba mimi.

Bunda walimfanyia jicho moja kwanza. Lilipofunguliwa aliniangalia kwa muda, akasema nimezeeka. Wiki tatu baadaye aliomba twende bustanini, mapema, jua likiwa bado juu. Alisoma bango kanuni baada ya kanuni, kidole hewani, midomo ikicheza. Akashuka peke yake mpaka kwenye matete. Niliona akichuchumaa penye tope. Unyayo wa kiboko una vidole vinne, na mchungaji haambiwi unyayo. Alikaa hapo muda mrefu, kisha akatembea hadi kwenye mawe, akasimama pale pale, akageuka kuyatazama maji.

Aliporudi hakunigombeza. Aliketi kando yangu. Maisha yangu yote nilitamani baba aogope kitu, hata kidogo, tugawane. Jua lilikuwa halijazama, mgambo hajatukumbusha, saa kumi na mbili bado. Baba alinishika mkono kwa nguvu, jicho lake halibanduki majini. Niliumia kuliko siku ile yenyewe.

"Tuondoke, mama," aliniambia. "Tumpishe mwenyewe."