Babu, visahani vinne vya tumbaku na udi wa Ijumaa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Haya ni ya kweli tupu. Nikiongeza chumvi, Bibi anicharaze na ufagio, na mkono wake mnaujua. Basi, hamuujui. Shukuruni.

Mimi ni wa kidato cha tatu, naishi Mji wa Kale na babu na bibi yangu. Naandikia saiba na mwenye mashine ashaanza kuniangalia vibaya, kwa hivyo makosa msinihesabie.

Babu alifanya kazi bandarini Kilindini miaka mingi, na mabaharia wakamfunza kuvuta kiko. Ana mikebe minne ya tumbaku: Virginia, Burley, Latakia na Perique. Majina ya juu yashaliwa na kutu zamani. Yeye huijua kwa pua tu.

"Nifungeni macho, niwatajie," hujisifu.

"Nami kikohozi chako nakijua macho nimefumba," Bibi humjibu.

Ikawa Ijumaa moja. Mzee Abdalla, rafiki yake wa Kizingo, huja kila wiki baada ya swala na gari asilojua kuliegesha. Akachoka na majisifu, akaleta shauri: Ijumaa ijayo Babu afungwe macho, aletewe visahani vinne. Mkebe mmoja waweza kurudiwa, asije akakisia cha mwisho kwa kuhesabu vilivyobaki. Akikosa kimoja, aache kiko moja kwa moja. Akipata vyote, Bibi asitaje kikohozi tena.

"Nimekubali!" Bibi akapiga kelele kutoka jikoni. Hata hakuulizwa.

Wakuu, wiki hiyo nilikuwa kama kocha wa timu ya taifa! Kila jioni namwekea Babu visahani, naye ananifunza mimi pia.

"Usivute pumzi kama unapenga kamasi. Nusa kidogo, funga mdomo, ngoja ikufikie."

Yeye hutia uzi mmoja wa tumbaku ulimini, akaonja, akatema. Mimi marufuku. "Wewe ni pua tu. Nikikuona na moshi, nakurudisha kwa mamako."

Siku mbili za kwanza tumbaku zote zilininukia kabati la nguo. Siku ya tatu, wallahi, pua ikafunguka! Virginia ni nyasi kavu na zabibu. Burley, njugu za kukaanga. Latakia, samaki aliyebanikwa. Perique ni achari ya ukwaju yenye pilipili, na hiyo Babu akiinusa lazima apige chafya. Kila mara, bila kukosa. Chafya ya kutikisa Ngome ya Yesu.

Nikawa siwezi kutulia. Shuleni mwalimu wa hesabu alipita karibu, nikamnong'oneza mwenzangu, "Huyu leo kala njugu." Nilipigishwa magoti, lakini njugu alikuwa nazo mfukoni.

Nikampa Babu mpango: akikwama, mimi nikohoe. Akanitazama. "Nyumba hii ina kikohozi cha kutosha."

Ijumaa ikafika. Kabla ya swala nilifungua mikebe nijipime mara ya mwisho. Adhana ikanikuta hapo, nikatoka mbio, mikebe wazi pale sebuleni.

Mnajua nyumba zetu siku ya Ijumaa. Bibi alitia udi chetezoni, akafukiza sebule nzima, pembe kwa pembe.

Tuliporudi, mikebe yote minne inanuka bibi harusi.

Nilitamani kuingia chini ya mkeka. Babu kafungwa macho kwa kitambaa, Mzee Abdalla anachagua mkebe, mimi najaza kisahani, maana mikebe nishaijua kwa madoa ya kutu. Cha kwanza kimeletwa, ananusa. Ananusa tena. Kisha akatia uzi ulimini.

"Latakia."

Sawa! Cha pili: "Burley." Sawa! Cha tatu, Latakia tena, akakipata! Ulimi haukuingia chetezoni, wakuu. Mimi naruka ruka kama kuku aliyekanyaga makaa.

Cha nne nilikishika mwenyewe. Perique. Nikakisogeza puani.

Chafya! Kikombe kikagonga sinia.

Nikajua tumeshinda. Babu akajifuta pua.

"Virginia," akasema.

Nikakohoa. Nikakohoa tena, kwa nguvu.

"Mpeni kijana maji," akasema.

Mzee Abdalla mwenyewe hakufurahi. "Yakhe, udi umekuharibia. Turudie wiki ijayo."

"Nimeshindwa, nimeshindwa." Akafungua kitambaa, akampa Bibi kiko kwa mikono miwili.

Nilingoja Bibi apige vigelegele. Wapi! Alichukua buli la kahawa akammiminia Babu kwanza, kabla ya mgeni. Kwetu hilo halifanyiki, na Mzee Abdalla alijifanya anatazama dirishani.

Baadaye nikamuuliza, "Babu, mbona ulipiga chafya?"

"Udi, mjukuu wangu."

Udi! Mtu aliyefukiziwa udi kila Ijumaa tangu aoe, sijamsikia akipiga chafya kwa udi hata siku moja.

Mikebe amepewa Mzee Abdalla, sasa Kizingo nzima inanuka harusi. Mimi na Babu tumehamia kahawa, tunatambua kwa kunusa ni ya kibanda gani.

Nilichojifunza: pua inafunzika, na kuna mtu anaweza kushindwa kwa makusudi akabaki na heshima yake yote. Bibi sijamwambia, ingawa ile kahawa inanitia shaka kwamba ashajua.

Haya, mwageni maoni. Mngekuwa mimi, mngekohoa mara ya tatu?