Siku Niliyowaficha Ng'ombe wa Lekishoni

Nichekeni tu, jamani, maana hata mke wangu hunicheka kila nikivaa shati jeupe. Miaka ile ya shida ya dizeli nilikuwa fundi wa mtambo wa umeme wa hoteli moja ukingoni mwa kreta, mimi mtu wa kijiji cha Kansay niliyeijulia baridi huko kretani. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakitoka vuguvugu, yanachanganyika na oili sakafuni, yote yanateremka bondeni, mpaka Lekishoni, mfugaji jirani yetu, akaja kulalamika kwamba ng'ombe wake wanaharisha. Nikaona ana haki. Oili nikaanza kuikinga kwenye pipa, maji safi, yangali vuguvugu, nikayapeleka kwa mpira hadi kwenye birika la saruji nje, na kwa baridi ile ya asubuhi (ng'ombe naye ana akili zake) wakawa hawataki maji mengine.

Siku moja meneja akaniambia wakubwa wanakuja kutoka Arusha kuutazama mtambo, wakiridhika birika litabaki, wasiporidhika litabomolewa. Mimi nikawaza mavi ya ng'ombe mlangoni mwa mtambo, nikaona aibu, nikauhamishia mpira kwenye mfereji wa nyuma, kwa asubuhi ile tu, nikavaa shati jeupe la kuazima.

Wageni wameshaingia, ndio naanza kueleza tunavyobana dizeli, ng'ombe wakafika. Wakakuta birika kavu, wakafuata maji mpaka nyuma, wakajaa kwenye mlango wa nyuma wa mtambo, na jike mmoja mzito akasimama juu ya mpira akatulia. Maji yakakwama, injini ikachemka, nikakimbia kuizima, umeme ukakatika hoteli nzima, nikarudi kumsukuma yule jike (hata hakunitazama), nikateleza kwenye mavi mabichi, chali, mbele ya wakubwa.

Lekishoni alikuwa amesimama na fimbo yake. Hakucheka.

"Rafiki, umewazoesha wewe mwenyewe. Leo unawanyima kwa sababu ya wageni?"

Mkubwa mmoja akanipa mkono niinuke, akasema taratibu, "Fundi, mitambo tumeona mingi. Tulikuja kuwaona hao ng'ombe wakinywa."

Birika lilibaki. Mpira niliurudisha palepale, nikinuka hivyo hivyo, na tangu siku ile mgeni wangu hunikuta nilivyo. Lekishoni naye alinisamehe, ila kwa muda mrefu, kabla ya kuleta ng'ombe, alikuwa anakuja kwanza peke yake kuniuliza kama leo kuna wageni.